Barua kwa mwanangu: Papa Kalisto na mtu aliyemchukia

Mwanangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako ilifika Jumamosi, na tangu hapo nimeirudia mara kadhaa, kwa sababu swali ulilouliza si la kujibiwa kwa simu ya dakika mbili. Umeniandikia kwamba wenzako kazini walibishana juu ya mapapa wa kwanza, na mmoja wao akasema kuwa Papa Kalisto wa Kwanza, ambaye Kanisa linamkumbuka kila tarehe 14 Oktoba, alikuwa mtumwa aliyepoteza akiba za wajane, akatoroka, akakamatwa na kupelekwa migodini kama mhalifu. Unataka kujua kama ni kweli. Na kama ni kweli, kwa nini mimi, niliyekufundisha katekisimu pamoja na watoto wote wa kigango chetu, sikulitaja jambo hilo hata siku moja.

Nianze na hilo la pili, kwa kuwa ndilo linalonigusa. Sikuwaficha. Vitabu tulivyopewa sisi makatekista viliwataja mapapa wa karne tatu za kwanza kama orodha ya majina, na karibu kila jina likafuatiwa na neno "mfiadini", nami nilifundisha nilichopewa. Habari za Kalisto nilizikuta baada ya kustaafu, nilipopata wasaa wa kusoma, na nilihuzunika kwamba niliwakaririsha watoto majina ya watu bila kuwaeleza hata mmoja wao aliishije.

Sasa kuhusu ukweli wenyewe. Karibu yote yanayojulikana juu ya utumwa wa Kalisto yametoka katika kitabu kimoja cha Kigiriki kinachokanusha mafundisho ya wazushi, ambacho wataalamu wengi wanakubali kuwa kiliandikwa na Hipoliti, padre msomi wa Roma. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ilikuwa imepotea kwa karne nyingi, hadi mwaka 1842 nakala yake ilipopelekwa Paris kutoka Mlima Athos huko Ugiriki. Kilipochapishwa Oxford mwaka 1851 kilidhaniwa kuwa cha Origene, mwalimu mashuhuri wa Kanisa la kale, na muda mfupi baadaye ndipo Hipoliti alipotambuliwa. Kwa hiyo vizazi vingi vya Wakristo vilimwadhimisha Kalisto bila kuzijua habari hizi. Jambo ambalo mwenzako hakulisema, na pengine halijui, ni kwamba Hipoliti alikuwa hasimu wake. Kalisto alipochaguliwa kuwa Askofu wa Roma mnamo mwaka 217, Hipoliti alikataa kumtambua, akajitenga na kuongoza kundi lake mwenyewe, hata leo wanahistoria humhesabu kuwa mpinga-papa wa kwanza. Kwa hiyo tunayasoma maisha ya mtu kama yalivyoandikwa na aliyemchukia, wakati yeye hawezi tena kujibu.

Simulizi lenyewe ni hili. Kalisto alikuwa mtumwa wa Carpophorus, Mkristo wa nyumba ya Kaisari. Bwana wake alimkabidhi fedha nyingi afungue biashara ya benki katika mtaa wa Piscina Publica, na kwa kuwa jina la Carpophorus liliaminika, wajane na ndugu wengine wa Kanisa wakaweka humo amana zao. Fedha zikapotea. Kalisto akakimbilia bandari ya Portus, akapanda meli, na alipomwona bwana wake anakuja akajitosa baharini. Mabaharia wakamwopoa, akarudishwa Roma na kutiwa katika kinu cha kusagia nafaka, adhabu iliyokuwa nzito sana kwa watumwa. Baada ya muda watu wakamsihi Carpophorus amtoe, kwa sababu Kalisto mwenyewe alikiri kwamba kuna fedha zake mikononi mwa wengine. Siku ya Sabato akaenda katika sinagogi la Wayahudi, fujo ikazuka, akapelekwa mbele ya Fuscianus, mkuu wa mji. Carpophorus aliposikia akaja mbio, akamsihi mkuu asimsadiki mtu huyo, kwa kuwa si Mkristo bali anatafuta njia ya kufa baada ya kumpotezea fedha. Fuscianus akaamuru apigwe mijeledi na kupelekwa katika migodi ya kisiwa cha Sardinia.

Mimi nayaamini matukio hayo, mwanangu, kwa sababu Hipoliti aliyaandika wakati Roma ilikuwa bado na wazee walioweza kumkanusha. Nisichokiamini kwa wepesi ni nia anazompachika Kalisto kila hatua. Anasema fedha zilifujwa, lakini papo hapo anakiri kwamba walikuwako waliokuwa wakizishikilia. Anasema Kalisto alikwenda sinagogi kutafuta kifo, lakini anakiri kwamba sababu aliyoitoa ilikuwa kufuatilia madeni. Nimekuwa mweka hazina wa chama chetu cha kuweka na kukopa kwa miaka sita, na najua kwamba fedha za watu zinaweza kupotea mikononi mwa mtu asiyeiba hata senti moja, kwa sababu tu aliwakopesha wasiorudisha. Sisemi kwamba Kalisto hakuwa na kosa, kwa maana amana ya mjane ni amana ya mjane, na aliyeipokea anawajibika nayo hata kama ameipoteza kwa uzembe na si kwa wizi. Nasema tu kwamba kati ya mfanyabiashara aliyeshindwa na mwizi kuna tofauti, na Hipoliti hakutaka msomaji wake aione.

Kuachiliwa kwake nako kulikuja kwa njia ambayo hakuna mtu angeitunga. Marcia, suria wa Kaisari Commodus, aliwaonea huruma Wakristo. Akamwita Papa Viktor, ambaye mapokeo yanasema alikuwa mtu wa Afrika, akamwomba orodha ya waumini waliofungwa Sardinia, kisha akamtuma padre Hyacinthus, towashi, aende na barua ya kuwafungua. Jina la Kalisto halikuwamo katika orodha ile. Alipiga magoti akalia na kusihi hata Hyacinthus akakubali kumtwaa pamoja na wengine. Viktor hakufurahi kumwona, kwa maana mambo yale yalikuwa bado mapya na Carpophorus alikuwa akilalamika, lakini hakumrudisha kifungoni: alimpeleka akakae Antium, mji wa pwani kusini mwa Roma, akamwekea posho ya kila mwezi.

Viktor alipofariki, mrithi wake Zefirino alimrudisha Kalisto Roma na kumweka kuwa msimamizi wa makaburi ya Wakristo katika njia ya Appia, ambayo hadi leo yanaitwa katakombe za Kalisto, yaani makaburi ya chini ya ardhi. Katika mwaka 1854 mtafiti Giovanni Battista de Rossi aligundua humo chumba walimozikwa mapapa tisa wa karne ya tatu, na baadhi ya mawe yao yalikuwa na maandishi ya Kigiriki. Hayo yananikumbusha jambo moja nililowafundisha vibaya: mawe yale yanawaita watu hao "episkopos", yaani askofu. Neno "papa" wakati huo lilikuwa jina la heshima na upendo kwa maaskofu mbalimbali, na Sipriano, askofu wa Karthago huko Afrika Kaskazini, aliandikiwa kwa jina hilo hilo. Kalisto mwenyewe hakuzikwa katika makaburi aliyoyasimamia; kaburi lake liko upande mwingine wa mji, katika njia ya Aurelia.

Nakuomba sasa usome polepole, kwa kuwa ninaona kwamba ugomvi wa Hipoliti na Kalisto haukuhusu fedha za wajane hata kidogo. Mambo yale yalikuwa yamepita miaka mingi, na mtu hajitengi na Kanisa lake kwa sababu ya benki iliyokufa. Sehemu moja ya ugomvi ilihusu namna ya kueleza umoja wa Baba na Mwana, na humo kila mmoja alimtuhumu mwenzake: Hipoliti alisema Kalisto anawachanganya Baba na Mwana kuwa mmoja asiyetofautika, naye Kalisto, aliyemtenga mzushi Sabellius kwa kosa hilo hilo, akasema Hipoliti anahubiri miungu miwili. Sehemu nyingine, ambayo kwangu ndiyo yenye uzito zaidi, ilihusu msamaha. Wakristo wengi wa wakati ule waliamini kwamba aliyezini baada ya kubatizwa amejifungia mlango, na kwamba Kanisa linaweza kumwombea lakini haliwezi kumrudisha mezani. Kalisto alifundisha kwamba Kanisa lina mamlaka ya kuwasamehe wote wanaotubu. Hipoliti anatuambia hata hoja alizotumia, na ninamshukuru kwa kuzihifadhi ingawa alizihifadhi ili kuzilaani: Kalisto alitaja mfano wa magugu yaliyoachwa yakue pamoja na ngano, na akasema safina ya Nuhu ilikuwa mfano wa Kanisa, kwa kuwa ndani yake walikuwamo mbwa, mbwa mwitu na kunguru, na wanyama wote walio safi na walio najisi. Wazia mtu aliyetoka mgodini kwa sababu padre mmoja alikubali kuongeza jina ambalo halikuandikwa, kisha umsikie akieleza safina hiyo.

Alishtakiwa pia kwa kuwaruhusu wanawake wa koo kubwa kuishi kama wake halali wa wanaume watumwa au wa hali ya chini. Sheria ya Kirumi haikuitambua ndoa ya mtumwa, na binti wa seneta aliyeolewa na mtu duni alipoteza cheo chake. Kalisto alisema mbele ya Kanisa wao ni mume na mke. Hipoliti aliona huo ni uchafu. Mimi niliposoma hapo nilifunga kitabu kwa muda, nikawafikiria wale waliokombolewa utumwani na kulelewa katika misheni ya Bagamoyo iliyoanzishwa mwaka 1868, ambao baadhi yao walitumwa bara pamoja na mapadre na kuwa Wakristo wa kwanza katika vijiji vya misheni. Imani yetu ilipitia kwao kabla ya kutufikia sisi, na sioni aibu yoyote kwamba Roma nayo iliwahi kuongozwa na mtu aliyekuwa mali ya mtu mwingine.

Kalisto alifariki mnamo mwaka 222, na Kanisa linamheshimu kama mfiadini. Mgawanyiko haukufa naye. Hipoliti aliendelea kuwapinga waliomfuata, Urbano na kisha Ponsiano. Ndipo mwaka 235 Kaisari Maximinus alipoingia madarakani na kuwakamata viongozi wa Wakristo, na hakujali nani ni papa halali na nani si halali. Ponsiano na Hipoliti walihamishwa wote wawili wakapelekwa Sardinia, kisiwa kile kile alikoteseka Kalisto, ambacho orodha ya kale ya maaskofu wa Roma inakiita kisiwa chenye madhara. Ponsiano alijua kwamba harudi. Ili Roma isikae bila mchungaji, alijiuzulu tarehe 28 Septemba 235, na hiyo ndiyo siku ya kwanza katika historia ya mapapa ambayo tarehe yake kamili inajulikana. Wote wawili walikufa huko uhamishoni, na Papa Fabiano akairudisha miili yao Roma: Ponsiano akazikwa katika makaburi ya Kalisto, na Hipoliti katika njia ya Tiburtina.

Unapouliza kwa nini tunawaita watu kama hawa watakatifu, mimi naitazama orodha ya maziko ya wafiadini iliyohifadhiwa katika kalenda ya Roma ya mwaka 354. Tarehe 13 Agosti imewaandika wawili kwa pamoja: Hipoliti katika Tiburtina na Ponsiano katika makaburi ya Kalisto. Mapokeo yanasema walipatana kabla ya kufa, na Kanisa la Roma lisingemweka Hipoliti siku moja na Ponsiano kama lilimhesabu bado kuwa adui. Mtu aliyesema kwamba safina haina nafasi ya wanyama najisi alipokelewa ndani yake, na jina lake linasomwa katika Misa za Kanisa lile lile alilolikimbia.

Nimekwisha kuzungumza na katekista aliyeshika nafasi yangu, naye amekubali kunipa nusu saa na watoto wa Kipaimara Jumapili iliyo karibu na tarehe 13 Agosti. Nitawasimulia habari ya benki, ya kinu, ya orodha isiyokuwa na jina, na ya wale wawili waliokufa Sardinia. Kama utakuwa umepata likizo, njoo uketi nyuma usikilize, kisha uniambie kama nimeacha kitu.

Mama yako anakusalimu, na anauliza kama unga tuliokutumia umefika.

Ni mimi,
Baba yako