Usingoje uupende mwili wako ndipo ule

Kwetu pwani mwili wa mtu ni sehemu ya salamu. "Mbona umenenepa hivyo!" "Umekonda, unaumwa?" Wengi huyasikia wakacheka, yakapita. Kwangu hayakupita. Tuliposhonewa sare za harusi ya binamu yangu, fundi alikuwa akisoma vipimo kwa sauti ili kijana wake aandike, na kiuno changu kikasomwa mbele ya wenzangu wote. Fundi hana lawama, chuki ya mwili wangu nilikuwa nayo tayari. Lakini baada ya hapo nilianza kujinyima, na kujinyima kukanifikisha kwenye kujitapisha. Ugonjwa huu wa kula kupita kiasi kisha kujitapisha huitwa bulimia.

Anayesema haya ni maradhi ya Wazungu simkubalii. Fiji, visiwa vya bahari ya Pasifiki, nako unene ulikuwa sifa. Televisheni ilipofika Nadroga, jimbo la huko Fiji, mwaka 1995, mtafiti Anne Becker aliwauliza wasichana wa shule, na hakuna aliyesema anajitapisha ili apungue. Aliporudi kuuliza mwaka 1998, asilimia 11 walisema wanafanya hivyo.

Kwako unayepitia haya, nasema kitu kimoja: kula kwa saa. Asubuhi, mchana, usiku, na kitafunio katikati, hata siku unayojichukia kuliko zote. Njaa yenyewe huchochea ugonjwa. Mwaka 1944 na 1945, huko Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula kwa miezi sita vijana 36 wa kiume waliojitolea, wazima wa mwili na akili. Wakawa hawawazi kingine ila chakula. Walikusanya vitabu vya mapishi, wakalamba sahani, wakajitenga na wenzao, na baadhi wakashindwa kujizuia wakala kupita kiasi. Niliposoma habari zao nilijiona mimi mwenyewe. Kumbe nilipovamia sufuria usiku sikuwa mlafi, nilikuwa na njaa ya mchana kutwa.

Na sanamaki, yale majani ya kujiharisha, iache. Inatoa maji na chumvi za mwilini, mafuta yanabaki palepale. Potasiamu, moja ya chumvi hizo, ikishuka, moyo unaweza kupoteza mapigo yake.

Saumu nayo ni maficho mazuri mno. Ramadhani inaisha, mtu anaunga funga sita za Shawali, kisha Jumatatu na Alhamisi, na nyumba nzima inamsifu kwa uchamungu. Mgonjwa ameruhusiwa kutofunga, na huu ni ugonjwa. Zungumza na daktari, na shehe unayemwamini.

Mama yangu aligundua kwa sababu kila baada ya chakula cha usiku nilikimbilia chooni na kufungulia bomba mpaka mwisho. Hakuniuliza mezani, wala hakutaja unene au wembamba. Alianza kuniita tukimaliza kula: "Njoo mwanangu tuchague mchele." Tunakaa ukumbini na ungo, tunapiga soga, mpaka ile hamu ya kwenda kutapika inapungua. Wazazi, igeni hilo. Maneno ya "kula bwana, mbona uko sawa tu" hayakunisaidia hata kidogo.

Hospitali mweleze daktari waziwazi kwamba unajitapisha au unatumia dawa za kujiharisha, maana kwa kukutazama anaweza asijue. Wengi wenye bulimia wana uzito wa kawaida. Omba upimwe potasiamu kwenye damu, na moyo pia. Ukizimia, au moyo ukipiga ovyo, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda siku hiyohiyo.