Maswali na Majibu: Umenyimwa viza ya masomo? Lete barua kwanza

Vyuo vinakaribia kufunguliwa na barua za kukataliwa zimeanza kutoka. Maswali ya safari hii nimeyatoa huko yote.

Nimenyimwa viza ya masomo. Nifanye nini?

Nchi gani? Kwa sababu ipi? Wengi mmeleta swali hili kwa maneno hayahaya, na hakuna hata mmoja aliyenakili barua aliyopewa. Mgonjwa hatibiwi kwa kusema "naumwa" akanyamaza. Soma barua mpaka mstari wa mwisho. Tafuta kifungu cha sheria walichokitaja, kisha tafuta kama una haki ya kupinga na ndani ya siku ngapi. Siku hizo zinakimbia hata kama bado unalia.

Ubalozi wa Marekani. Nilihojiwa dakika mbili, nikarudishiwa pasi na karatasi ya 214(b). Afisa hakufungua hata hati zangu. Nikate rufaa wapi?

Hakuna pa kukatia. Uamuzi wa 214(b) hauna rufaa. Kifungu hicho cha sheria yao kinamtaka afisa amhesabu mwombaji kuwa ni mtu anayetaka kuhamia Marekani, mpaka mwombaji mwenyewe athibitishe kwamba sivyo. Mzigo ni wako, na unaubeba kwa mdomo, pale dirishani. Bahasha yako haikufunguliwa kwa sababu afisa alikuwa na DS-160, fomu yako ya maombi ya viza, mbele yake na masikio yake yalikuwa kwako.

Kuomba tena unaruhusiwa wakati wowote. Utajaza DS-160 mpya na kulipa upya ada ya viza. Ada ya SEVIS, mfumo wao wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, ile dola 350, hulipi tena kama unaomba viza ya aina ileile ndani ya miezi 12, na inasikitisha kuona watu wanaitoa mara mbili kwa kutouliza.

Lakini usikimbilie tarehe ya mahojiano. Kaa chini leo, kumbukumbu ikiwa mbichi, uandike kila swali uliloulizwa na ulivyolijibu. Mara nyingi tatizo limelala humo. Aliyeulizwa kwa nini amechagua chuo kile akasema "ni chuo kizuri sana" hajajibu kitu. Anayeweza kueleza kozi yake ina nini, nani anamlipia na fedha hizo zinatoka kazi gani, na elimu hiyo ataifanyia nini akirudi, huyo amejibu. Majibu ya kukariri kutoka mtandaoni yaacheni. Afisa anayehoji watu siku nzima ameyasikia tangu asubuhi.

Yangu imeandikwa 221(g). Ni hiyohiyo?

Hapana. Nacho ni kifungu cha sheria ya Marekani, ila maana yake kuna hati wanayoisubiri au uchunguzi haujakamilika. Peleka walichokitaja ndani ya mwaka mmoja, na usilipe ada nyingine.

Shikamoo. Niliomba viza ya Uingereza. Fedha zilikuwepo benki, ila siku ya 19 nilitoa kidogo kwa dharura nikazirudisha baada ya siku mbili. Wamenikatalia. Niombe uamuzi upitiwe upya?

Marahaba. Usiombe. Mapitio hayo, ambayo aliye nje ya Uingereza huyaomba ndani ya siku 28 kwa pauni 80, yamewekwa kwa ajili ya makosa ya afisa. Kama alikosea hesabu au aliruka hati uliyoiambatisha, hiyo ndiyo njia. Kwako hakukosea. Kanuni inataka kiasi kamili kikae siku 28 mfululizo bila kushuka hata siku moja, na siku ya mwisho ya hizo 28 iwe ndani ya siku 31 kabla ya kutuma maombi. Ulipotoa, hesabu ilikatika. Taarifa mpya ya benki haitakusaidia kwenye mapitio.

Anza siku 28 upya. Weka na ziada, kwa sababu kama akaunti si ya pauni, thamani ya sarafu ikiyumba kiasi chako kinaweza kupungua bila wewe kugusa senti. Omba chuo kikupe CAS nyingine, yaani uthibitisho wa udahili unaoombea viza, maana ya kwanza imeshatumika. Malipo ya huduma ya afya yatarudishwa, ada ya viza imekwenda. Na kama nchi yako inadaiwa cheti cha kifua kikuu, angalia tarehe: kinadumu miezi 6.

Mwaka jana nilinyimwa viza ya Canada. Sasa naomba Australia. Wakala anasema nisiitaje Canada, hawatajua. Anasema pia atanitengenezea taarifa ya benki.

Achana naye leo.

Marekani, Uingereza, Canada, Australia na New Zealand hupeana taarifa za waombaji, alama za vidole zikiwemo. Fomu inauliza waziwazi kama umewahi kunyimwa viza na nchi yoyote. Ukijibu ndiyo, ukaeleza kwa sentensi tatu kwa nini ulikataliwa na nini kimebadilika tangu hapo, bado unaweza kupata. Wapo wengi waliopata. Ukijibu hapana, umegeuza tatizo dogo kuwa udanganyifu. Canada humfungia mdanganyifu miaka 5. Australia miaka 3, na 10 kama amedanganya yeye ni nani. Uingereza inaweza kufika miaka 10. Marekani ni maisha, isipokuwa upewe msamaha maalumu.

Msije mkaniandikia baadaye kwamba hati aliighushi wakala ninyi hamkujua. Sahihi ni yako, pasi ni yako, na adhabu inabaki kwenye jina lako wakati yeye yuko na mteja mwingine. Inaniuma kila ninaposoma habari za kijana mwenye alama safi aliyejifungia mlango kwa karatasi ambayo hakuihitaji. Kama ni lazima utumie wakala, akaunti ya maombi ifunguliwe kwa barua pepe yako, nywila ukae nayo wewe, na kila hati uione kwa macho yako kabla haijatumwa. Wakala anayekataa hayo ana anachokificha.

Kuna mtu anafahamiana na afisa ubalozini. Anataka fedha ili faili langu lifunguliwe. Ni kweli?

Ni mwizi.

Barua ya Canada inasema tu kwamba hawajaridhika kuwa nitaondoka masomo yakiisha. Hapo najibu nini?

Sentensi hiyo hupewa watu wengi, na peke yake haitoshi kukuongoza. Kama barua haikuja na maelezo ya afisa, yaombe: yamo kwenye mfumo wao unaoitwa GCMS, na ombi lake ni dola 5 za Canada. Aliye nje ya nchi huombewa na raia, mkaazi wa kudumu au mtu mwingine aliyeko Canada. Humo utaona kama shaka ilikuwa kwenye fedha, au kwenye mpango wa masomo, kwa mfano mwenye shahada ya uzamili anayeomba kwenda kusoma cheti bila kueleza kwa nini anarudi nyuma.

Kuna pia Mahakama ya Shirikisho, ndani ya siku 60 kwa uamuzi uliotolewa nje ya Canada. Mahakama hiyo haikupi viza. Ukishinda, faili linarudi kwa afisa mwingine. Kama unafikiria njia hiyo, muone mwanasheria sasa, maana siku 60 zinaweza kuisha ukiwa bado unasubiri maelezo ya afisa.

Naomba kielelezo cha barua ya pingamizi kwa ubalozi wa Ujerumani.

Utaratibu huo ulifutwa duniani kote tarehe 1 Julai 2025. Kilichobaki ni ombi jipya lenye hati bora, au kesi kwenye Mahakama ya Utawala ya Berlin, kwa kawaida ndani ya mwezi mmoja. Msinakili barua za zamani zinazozunguka mtandaoni, mwezi utawaishia mkononi.

Chuo kinafunguliwa baada ya wiki tatu. Nikiambie nimenyimwa?

Ndiyo, na uambatishe barua. Omba udahili usogezwe muhula ujao, na uulize kwa maandishi kuhusu kurudishiwa karo. Vyuo vingi hurudisha kwa aliyenyimwa viza, vikikata kiasi. Aliyepeleka hati za kughushi asitegemee kitu.

Nimenyimwa mara tatu, nchi ileile, kozi ileile. Niombe ya nne?

Barua yako ni ndefu, nimeisoma mara mbili, na sijaona mahali ulipotaja kilichobadilika kati ya ombi la kwanza na la tatu. Kwa hali hiyo, usiombe. Anza shahada hapo ulipo. Ukifanya vizuri unaweza kuomba kuhamia chuo cha nje ukiwa na alama za mwaka mzima, au usubiri uombe shahada ya uzamili, ambayo pia ina nafasi zaidi za ufadhili. Ukichagua nchi nyingine, mara zote tatu zitajwe kwenye fomu. Na nitumie hizo barua tatu za ubalozi nizisome, ukishafuta jina na namba ya pasi.