Maswali ya Wasomaji: Valvu ya Moyo Inayovuja na Matibabu Yasiyofungua Kifua

Barua tunazozijibu safari hii zote zinahusu valvu ya mitrali inayovuja, na karibu zote zinauliza iwapo mgonjwa anaweza kuepuka kupasuliwa kifua. Tumezifupisha na kuondoa majina ya waandishi.

Swali: Daktari, mama yangu ana umri wa miaka 79. Kwa miezi kadhaa amekuwa akihema kwa shida, miguu yake inavimba, na usiku hawezi kulala bila kuinuliwa kwa mito. Kipimo cha eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, kimeonyesha kwamba valvu yake ya mitrali inavuja sana kwa sababu uzi mmoja umekatika. Madaktari wanasema umri wake na hali ya figo zake havimruhusu kufunguliwa kifua, ila anaweza kuwekewa klipu kupitia mshipa wa paja. Hatuelewi jinsi kitu kidogo namna hiyo kitakavyofanya kazi ya upasuaji mzima, na tunaogopa kumpeleka.

Jibu: Mpe mama pole zetu. Hofu yenu inaeleweka, na nadhani itapungua mkishajua kinachofanyika ndani ya moyo.

Valvu ya mitrali iko upande wa kushoto wa moyo, kati ya chemba ya juu inayopokea damu kutoka mapafuni na chemba ya chini inayoisukuma damu hiyo mwilini. Ina tando mbili, mmoja wa mbele na mwingine wa nyuma, ambazo hushikiliwa na nyuzi imara zilizoshikamana na misuli ya ndani ya moyo. Moyo unapojikaza, tando hizo hukutana na kufunga njia. Uzi ukikatika, utando hukosa kizuizi na kupinduka, na sehemu ya damu hurudi ilikotoka katika kila pigo. Nao moyo hupiga takriban mara 100,000 kwa siku. Shinikizo la damu hiyo inayorudi huishia mapafuni, na ndiyo sababu mama anakosa pumzi anapolala chali.

Klipu haikubuniwa kutoka hewani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, daktari wa upasuaji kutoka Italia, Ottavio Alfieri, alianza kuzishona tando hizo mbili pamoja katikati tu, na kuacha njia mbili za damu pembeni, kama shati lililofungwa kifungo kimoja cha kati. Valvu iliendelea kupitisha damu ya kutosha, na uvujaji ukapungua. Wahandisi na madaktari wakajiuliza kama mshono huo ungeweza kuwekwa bila kufungua kifua wala kusimamisha moyo, na mwaka 2003 klipu ya kwanza ikawekwa kwa binadamu. Iliidhinishwa Ulaya mwaka 2008, na Marekani mwaka 2013 kwa wagonjwa walio katika hali ya mama yako, yaani wale ambao upasuaji wa kawaida ni hatari kubwa kwao.

Kwa kawaida mgonjwa hupewa dawa ya usingizi, kisha kifaa cha eko hupitishwa kwenye umio ili moyo uonekane kwa karibu muda wote wa kazi. Daktari huingiza mrija mrefu, yaani katheta, kupitia mshipa wa vena kwenye kinena hadi chemba ya juu ya kulia ya moyo, hutoboa tundu dogo katika ukuta unaotenganisha chemba mbili za juu, na hivyo hufika upande wa kushoto. Klipu huteremshwa katikati ya tando, huzishika zote mbili pale panapovuja zaidi, na hapo kazi husimama kwanza ili kipimo kifanyike. Ikiwa uvujaji haujapungua vya kutosha, au njia ya damu imebanwa mno, klipu hufunguliwa na kuhamishwa. Huachiliwa tu pale timu inaporidhika. Mimi naona hili ndilo jambo la thamani kuliko yote katika tiba hii: moyo unaendelea kupiga wenyewe, na matokeo yanaonekana kabla ya hatua isiyoweza kurudishwa. Wengi huruhusiwa kurudi nyumbani baada ya siku chache.

Hatari zipo, nanyi mna haki ya kuelezwa. Damu inaweza kuvuja kwenye kinena au kuuzunguka moyo pale ukuta unapotobolewa. Klipu inaweza kuachia utando mmoja. Valvu inaweza kuwa nyembamba kupita kiasi. Na mara chache mgonjwa hupata kiharusi. Pia msitarajie kwamba uvujaji utakwisha kabisa. Kufanikiwa hapa kwa kawaida ni uvujaji mkubwa kuwa mdogo, na kwa mtu asiyeweza kulala chali hiyo ni nafuu kubwa sana. Waulizeni madaktari upana wa njia ya valvu ya mama ni kiasi gani, kwa kuwa ikiwa chini ya sentimita 4 za mraba klipu inaweza kuiziba mno, na waulizeni pia timu yao imeshaifanya kazi hii kwa wagonjwa wangapi.

Swali: Nina umri wa miaka 46, sina maumivu wala sichoki, lakini daktari aliyesikiliza moyo wangu alinipeleka kwenye eko na ikaonekana valvu ya mitrali inavuja sana kwa sababu utando wa nyuma umelegea. Ananishauri nifanyiwe upasuaji. Kwa nini nipasuliwe ilhali nimesoma kwamba siku hizi kuna klipu?

Jibu: Ndugu yangu, kwa mtu wa umri wako na mwenye tatizo kama lako, ushauri wa daktari wako ni sahihi, na ningependa uufikirie kwa utulivu kabla ya kuukataa.

Klipu ililinganishwa na upasuaji katika utafiti uitwao EVEREST II, uliohusisha wagonjwa 279 na kuchapishwa mwaka 2011. Klipu ilikuwa salama zaidi katika siku za mwanzo, hasa kwa sababu wagonjwa wachache walihitaji kuongezewa damu. Hata hivyo, baada ya mwaka mmoja takriban asilimia 20 ya waliowekewa klipu walikuwa wamehitaji upasuaji wa valvu, wakati kwa waliopasuliwa tangu mwanzo ni kama asilimia 2 tu waliohitaji kupasuliwa tena. Mtu mwenye miaka mingi mbele yake anahitaji rekebisho la kudumu, na daktari wa upasuaji ana uwezo ambao klipu haina: anaweza kukata sehemu iliyolegea, kuweka nyuzi mpya, na kuikaza fremu ya valvu kwa pete maalumu ili isiendelee kutanuka. Ubaya mwingine ni kwamba klipu ikishindwa, tando huweza kuwa zimeharibika kiasi kwamba valvu haitengenezeki tena, na mgonjwa huishia kuwekewa valvu bandia.

Kupasuliwa hakumaanishi lazima mfupa wa kifua ukatwe kutoka juu hadi chini. Ipo njia ya kupitia mkato mfupi kati ya mbavu za upande wa kulia. Moyo husimamishwa na kazi yake kufanywa na mashine kwa muda, sawa na katika upasuaji wa kawaida, ila mirija ya mashine mara nyingi hupitishwa kwenye kinena. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2023 uliwagawa wagonjwa 330 kati ya njia hizo mbili. Valvu zilirekebishwa badala ya kubadilishwa kwa takriban asilimia 96 katika makundi yote mawili, na baada ya wiki 12 uwezo wa kufanya shughuli za mwili haukutofautiana, ingawa waliopitia mkato mfupi walitoka hospitali mapema kidogo. Kwa hiyo, ukimpata daktari mwenye uzoefu wa mkato mfupi, ni vyema. Ukimpata bingwa wa kurekebisha valvu anayefungua kifua, mimi ningemchagua huyo kuliko kumfuata mtu mwingine kwa ajili ya kovu dogo.

Kuhusu kutokuwa na dalili, moyo hustahimili uvujaji kwa miaka mingi kwa kutanuka polepole, na mgonjwa hahisi chochote hadi misuli imeanza kuchoka. Madaktari hushauri kutosubiri pale kiwango cha damu inayosukumwa na chemba ya chini kwa kila pigo kinaposhuka hadi asilimia 60 au chini yake, au chemba hiyo inapojikaza na bado kipenyo chake kikabaki milimita 40 au zaidi. Omba uonyeshwe namba hizo mbili katika ripoti yako.

Swali: Mume wangu alipata shambulio la moyo miaka mitatu iliyopita na moyo wake umebaki dhaifu. Sasa valvu inavuja. Daktari mmoja anasema klipu itarefusha maisha yake, mwingine anasema haitabadilisha chochote. Tumwamini nani?

Jibu: Dada, huenda wote wawili wamesoma tafiti za kweli. Mwaka 2018 zilitoka tafiti mbili kuhusu wagonjwa kama mume wako, ambao valvu yenyewe haina kasoro ila moyo umetanuka na kuzivuta tando zisikutane. Katika utafiti wa Ufaransa wenye wagonjwa 304, klipu haikupunguza vifo wala kulazwa. Katika ule uliofanyika Marekani na Kanada, wenye wagonjwa 614, waliofariki ndani ya miaka miwili walikuwa asilimia 29 kwa waliowekewa klipu na asilimia 46 kwa waliotumia dawa peke yake.

Maelezo ambayo wataalamu wengi wanayakubali ni kwamba wagonjwa hawakufanana. Wale wa Marekani na Kanada walikuwa na uvujaji mkubwa zaidi katika moyo ambao haujatanuka kupita kiasi, na walikubaliwa tu baada ya dawa zao kufikishwa kwenye kiwango cha juu wanachoweza kustahimili. Wale wa Ufaransa walikuwa na mioyo mikubwa zaidi na uvujaji mdogo zaidi, hivyo kuuziba hakukugusa ugonjwa wenyewe.

Kwa hiyo, mambo ya kuuliza ni haya: je, dawa zote za moyo dhaifu zimeshatumika kikamilifu, kwa kuwa zenyewe huweza kupunguza uvujaji, je, anahitaji kifaa cha kuratibu mapigo, na je, eko iliyorudiwa baada ya hapo bado inaonyesha uvujaji mkubwa? Ikiwa jibu la swali la mwisho ni ndiyo na moyo haujatanuka mno, klipu inastahili kuzungumzwa kwa uzito.

Swali: Binti yangu wa miaka 24 ana valvu iliyoharibiwa na homa ya rumatiki. Je, klipu inamfaa?

Jibu: Mara nyingi hapana. Homa hiyo huzifanya tando kuwa nene, fupi na ngumu, na mara nyingi valvu huwa imebana huku ikivuja, hivyo klipu ingeibana zaidi. Upasuaji wa kurekebisha hujaribiwa pale tando zinapokuwa bado laini kiasi. Kama itabidi valvu ibadilishwe, mzungumze kwanza na madaktari kuhusu uzazi, kwa sababu valvu ya chuma hulazimu kutumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yote, na dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni; ile ya tishu haina sharti hilo la maisha yote, lakini kwa vijana huchakaa mapema. Asiache pia sindano zake za penisilini bila idhini ya daktari, hata baada ya upasuaji.

Swali: Baba ameshawekewa klipu. Je, anaweza kung'olewa jino au kufanyiwa kipimo cha MRI?

Jibu: Anaweza, ila kwa tahadhari. Kabla ya kung'olewa jino au kusafishwa fizi, amjulishe daktari wa meno ili apewe antibiotiki ya kukinga maambukizi ya valvu, na asiache mwenyewe dawa za kuzuia damu kuganda. MRI huruhusiwa kwa masharti yanayotegemea aina ya klipu, kwa hiyo awe na kadi aliyopewa hospitali na aionyeshe kwa wapiga picha kabla ya kuingia kwenye mashine.