Tuzo zinanogesha, mchango wa mwezi ndio unaolipa seva

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki linauliza kama jukwaa la mtandaoni linaloendeshwa na wanajamii wenyewe, bila matangazo, linaweza kuishi kwa tuzo (alama za pongezi ambazo watumiaji hununua na kupeana kwenye maandiko) na michango ya watumiaji. Linaweza, mradi kila fedha ipewe kazi yake: michango midogo ya kila mwezi ilipe gharama zisizoahirishika, tuzo zibebe ziada tu. Wengi hufanya kinyume, maana tuzo zinachangamsha na kuomba mchango kunachosha.

Tuchukulie jukwaa la watu 400, wavuvi na wachuuzi wa dagaa kuanzia soko la Mwaloni Kirumba hapa Mwanza hadi Ukerewe, wanaopashana bei na hali ya ziwa. Seva ya kukodi yenye RAM ya GB 4 iwe sh. 50,000 kwa mwezi, hifadhi ya picha na nakala rudufu 25,000, jina la tovuti 3,000 ukiligawa kwa miezi, na bando la wasimamizi wawili wa zamu 40,000. Jumla 118,000. Panga kwamba atatoa mmoja kati ya ishirini, usijidanganye zaidi ya hapo. Hao ni watu 20. Kila mmoja akitoa 6,000 unapata 120,000. Inatosha kwa shida, na mambo mawili yataivuruga. La kwanza ni picha. Programu kama Mastodon, ya kuendeshea mtandao wa kijamii kwenye seva yako mwenyewe, haihifadhi picha za wanachama wako tu, inaweka pia nakala za picha za akaunti za seva nyingine wanazozifuata, na diski hujaa huku jukwaa lenyewe likionekana tulivu. Weka usafishaji wa kujiendesha unaofuta nakala hizo zikifikisha siku saba. La pili ni dola, kwa kuwa seva nyingi hulipiwa kwa dola, na mwaka 2024 dola ilipita sh. 2,600 kabla ya kushuka mwishoni mwa mwaka. Kwa hiyo omba 7,000.

Tarehe ya kuomba ina uzito kuliko maneno ya tangazo. Mshahara wa mwisho wa mwezi ni habari ya ofisini. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka mitumbwi hupumzika siku kama kumi. Ukiomba mchango katikati ya mbalamwezi utapata kimya, kisha utalalamika kwamba watu hawajali. Omba siku ya tano au ya sita ya giza, mzigo ukiwa umeshauzwa. Na kwa kuwa mwezi wa angani una siku 29 na nusu, tarehe hiyo haigandi kwenye kalenda ya ukutani. Mtunza hazina aipange upya kila mzunguko.

Pokea kwa Lipa Namba ya kikundi, si kwa namba ya simu ya mtu. Jina la kikundi hutokea kabla mlipaji hajaweka namba ya siri, na hilo peke yake linapunguza matapeli wanaosambaza namba zao. Ila jina linalokuja kwenye ujumbe wa muamala mara nyingi si la mwanachama: laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha mke, kaka au bosi. Mwambie kila mtoaji atume namba ya muamala kwa mtunza hazina, aandikwe kwa jina analotumia jukwaani. Bila hivyo baada ya miezi mitatu utakuwa na fedha zisizo na wenyewe na wanachama wanaoapa kuwa walilipa.

Sasa tuzo. Reddit, jukwaa la mijadala la Marekani, ilianza kuuza Gold, uanachama wa kulipia, mwaka 2010 kama njia ya watumiaji kuichangia, na kwa muda ilionyesha mstari wa lengo la siku ukijaa kwa asilimia. Mstari ule ndio wa kuiga: mtu aone fedha yake inasukuma kitu. Cha kutoiga ni kilichotokea Septemba 2023, sarafu za kununulia tuzo zilipoondolewa na zile ambazo hazijatumika zikapotea. Tuzo iliyouzwa ikakaa bila kutumika ni deni. Iandike upande wa madeni.

Usiuze tuzo moja moja. Muamala wa sh. 500 unaweza kumlipisha mtoaji makato yasiyolingana na zawadi yenyewe, na mtunza hazina anahakiki muamala mdogo kwa kazi ileile ya mkubwa. Uza vocha ya 5,000 yenye tuzo kumi. Tuzo isipandishe andiko juu ya mengine, la sivyo mwenye fedha atanunua ukurasa wa mbele. Na isigeuke fedha tena: ukiruhusu mtu kuitoa kama taslimu umeanza kushika fedha za watu, na hapo unaingia kwenye Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015 chini ya Benki Kuu.

Kasoro yake nyingine haina dawa kamili. Tuzo hufuata kicheko. Anayeandika bei ya ndoo ya dagaa saa kumi na moja alfajiri hapewi kitu, kichekesho cha mchana kinapata tisa. Wapeni waandika bei posho kutoka kwenye ziada, kwa uamuzi ulioandikwa kwenye muhtasari wa kikao.

MetaFilter, jukwaa jingine la mijadala la Marekani lililoanza 1999, hutoza dola 5 mara moja kujiunga. Mapato yake ya matangazo yaliporomoka na mwaka 2014 ikapunguza wafanyakazi. Wanachama ndio walioziba pengo. Kiingilio kidogo namna hiyo huzuia pia akaunti za kitapeli, hata kikiwa sh. 1,000.

Kuhusu sheria, tengeni fungu mapema. Kanuni za maudhui mtandaoni za 2018 zilileta leseni yenye ada, na jukwaa la mijadala la JamiiForums lilijifunga kwa muda Juni mwaka huo. Kanuni zimebadilishwa tangu hapo, basi ulizeni ofisi ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) Kanda ya Ziwa, hapa hapa Mwanza, kabla ya kufungua milango. Orodha ya namba za wachangiaji nayo iko chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Isibandikwe hadharani, hata kwa nia ya kuwashukuru.

Jina la tovuti na akaunti ya seva viwe vya kikundi, na nywila wawe nazo watu wawili wasioishi nyumba moja. Akaunti ya benki iwe na watia saini watatu.

Kila mzunguko tangazeni kilichoingia, kilichotoka, na salio kwa miezi: "tuna miezi minne na siku sita". Seva zinazotaka kuorodheshwa na Mastodon huahidi kutoa taarifa ya miezi mitatu kabla ya kufunga, na hicho ndicho kiwango cha akiba: 118,000 mara tatu, yaani 354,000. Salio likigusa hapo, zimeni upakiaji wa picha, acheni kuuza vocha, tangazeni siku hiyohiyo. Kama miezi hiyo haikuleta wachangiaji wapya, watu wapakue maandiko yao, na fedha za tuzo ambazo hazijatumika zirudishwe kwenye namba zilizozilipia.

Msomaji, Mwanza