Mkuu, hizo koloni usizipeleke kusomwa DNA

Hiyo hela irudishe mfukoni kwanza. Umesema ulianza na koloni moja tu ya bakteria E. koli (kidoti kimoja kwenye sahani, wote uzao wa seli moja), ukaipiga dawa ya ampisilini kwa muda wa saa tano, wakabaki wachache, sasa unataka wasomwe DNA uone kilichobadilika. Halafu umeuliza kwa nini wengine wanang'aa kijani kwenye darubini na ndugu zao hawang'ai.

Mimi nilipeleka. Koloni 12, kwa hela ya kodi ya chumba. Majibu yakaja: DNA ni ileile ya mama yao, herufi kwa herufi. Nikabishana na kompyuta wiki nzima. Aliyeniponza ni kaka mmoja wa maabara, yule wa kuandika jina lake kwenye kila chupa: "Dogo, kilichobaki hai ni sugu," yaani jeni zake zimebadilika, dawa haimwezi tena, wala watoto wake. Nikalibeba hilo neno zima zima mpaka kwenye jina la tasnifu. Msinicheke, nyumbani walishaanza kuniita daktari.

Sikiliza. Ampisilini humwua bakteria anayejenga ukuta wake. Aliyelala hajengi, basi dawa inampita. Na kulala hakuhitaji jeni mpya: ndani ya seli baadhi ya protini ni chache mno, hutoka kwa kubahatisha, pacha huyu akapata nyingi, yule kidogo. Ndiyo hao wako: protini ya kijani ikiwa nyingi anang'aa, ikiwa kidogo hang'ai. Protini mojawapo ni sumu yao wenyewe, inaitwa HipA: ikivuka kiwango fulani, seli inaacha kukua. Mtaalamu wa bakteria Joseph Bigger aliwaona wa namna hii 1944, akitumia penisilini: wachache walipona, watoto wao wakapigwa tena wakafa kama kawaida. Mwaka 2004 mwanasayansi Nathalie Balaban na wenzake wakawafuatilia mmoja mmoja: waliopona walikuwa wamezubaa kabla dawa haijafika.

Kwa hiyo: waoshe dawa, waoteshe kwenye mchuzi mtupu (chakula chao bila dawa), wapige tena. Dawa ileile, kipimo kilekile, muda uleule, na mama yao pembeni. Wakifa kwa kiwango kilekile cha mwanzo, hao si sugu. Walilala.

Nilikuja kufanya hivyo nikiwa sina hata nauli. Sahani ya kabla ya dawa ilijaa kama imepakwa uji. Ya baada, vidoti vitatu. Za mama yao: ya kabla ilijaa vilevile, ya baada vidoti vinne. Usiku mmoja tu, mkuu, na sahani nne!

Ukimaliza tupia picha hapa. Na kama aliyekwambia ni sugu anaandika jina kwenye chupa, msalimie.