Maswali ya Afya: Mashine ya Mvuke Niiweke Digrii Ngapi Viungo Vipoe?

SWALI: Hamjambo wanangu wa gazeti. Mimi ni mama wa miaka 61, kwetu Tanga ila sasa naishi Hannover, Ujerumani, kwa mwanangu. Nina baridi yabisi ya vidole na magoti, nameza methotreksati kila wiki. Juzijuzi daktari wa maumivu kaniandikia maua ya bangi, nayachukua duka la dawa kwa cheti kabisa wala sijifichi, na mashine ya mvuke, ile ya kuyapasha bila kuyachoma, ninayo. Sasa mjukuu wangu kanitolea chati mtandaoni, imeandikwa kariofilini (moja ya vitu vya harufu vya bangi) inachemka digrii 119 na hiyo ndo ya uvimbe, THC inachemka 157 na hiyo ndo ya kulewesha. Nikawaza nikiweka 130 napata ya uvimbe tupu bila kulewa. Nimejaribu, naonja ladha ya majani tu, mkono uko palepale. Nakosea wapi? Na Desemba nakuja nyumbani, naweza kuja nayo?

JIBU: Shikamoo mama, na pole na vidole. Huna kosa, kosa ni la chati, na hiyo chati imezunguka sana, wauza mashine wameibandika kila kona.

Iko hivi. Namba nyingi za zile chati zilipimwa maabara kwenye chombo kilichonyonywa hewa, na hewa ikipungua kitu chochote kinachemka kwa moto mdogo. Mtu akachukua ile namba akaacha maelezo yake, wengine wakanakili, basi ikawa ukweli. Kariofilini kwenye hewa ya kawaida, hii unayovuta hapo sebuleni, inachemka kwenye digrii 250 na zaidi, haiko karibu na 119 hata kidogo, na THC nayo hiyo 157 yake ni ya mtungi usio na hewa. Utaniuliza sasa mbona mashine inafanya kazi kwenye 190? Kwa sababu kitu hakisubiri kuchemka ndo kitoke, kanga uliyoanika inakauka kambani na hakuna maji yaliyochemka pale, moto unaongeza kasi tu. Kwa hiyo hakuna digrii ambapo kariofilini inatoka peke yake huku THC imekaa inasubiri zamu, vinatoka pamoja, ila vile vyepesi vyenye harufu vinatangulia. Ndo hiyo ladha ya majani unayoipata kwenye 130, na dawa yenyewe imebaki kwenye ua. Halafu THC na CBD (ile kemikali ya bangi isiyolewesha) kwenye ua bichi zipo katika hali ya asidi, zinahitaji moto wa kutosha kugeuka, na hapo 130 kwa dakika mbili tatu za kuvuta hazigeuki zote.

Sasa digrii. Anza na 180 hivi, vuta pumzi moja au mbili polepole, usiubane moshi kifuani kama vijana wanavyofanya (na wala si moshi, ni mvuke, kubana hakukuongezei kitu cha maana zaidi ya kikohozi), kisha weka mashine chini usubiri dakika 10 hadi 15. Ukivuta inafanya kazi haraka, si kama ya kula ambayo inaweza kuchukua saa nzima au mbili mpaka mtu akadhani imemgomea akaongeza. Ukiona haitoshi panda 190, siku nyingine 200. Mwisho wako uwe 210, na si namba ya kubahatisha, mashine za hospitali za hapohapo Ujerumani, kama Mighty ya kampuni ya Storz & Bickel ya Tuttlingen, zinaishia hapohapo 210. Kuanzia kama 230 majani yanaanza kuungua, na yakiungua unavuta benzeni (kemikali ya sumu) na masizi kama mvuta sigara, sasa mashine ulinunua ya nini. Ukimaliza mwaga mabaki kwenye kiganja uyatazame: kahawia iliyokolea ni sawa, yakiwa na weusi au majivu punguza. Namba ya kwenye kioo nayo usiiamini sana, mashine ya bei rahisi inaweza kusoma 190 na ndani pamoto zaidi, ile rangi ya mabaki ndo itakwambia ukweli.

Kuhusu kulewa, mama, hapo digrii haikusaidii sana, kinachokusaidia ni ua lenyewe. Chukua kopo lako usome, maua ya duka la dawa yanaandikwa asilimia mbili, ya kwanza THC, ya pili CBD. Ukikuta 22/1 hilo ni la kulewesha hata ukilipasha kwa upole namna gani, mwambie daktari akubadilishie lenye THC na CBD zinazokaribiana, au lenye CBD nyingi. Tupige hesabu kidogo. Robo ya nusu gramu, yaani gramu 0.1 na ushee, tuseme 0.1 kamili, ya ua lenye THC asilimia 20, ina miligramu 20 za THC. Mashine nzuri inatoa kama nusu yake kwenye mvuke na nyingine unaipumua nje, lakini hata hicho kinachobaki kwa mtu ambaye hajazoea ni kingi, kizunguzungu cha kuinuka ghafla kitandani kinatosha kukuvunja nyonga. Kwa hiyo fuata kipimo cha daktari, kama kakuandikia kidogo kuliko hapo usiongeze, na vuta ukiwa umekaa.

Sasa ile habari ya uvimbe, maana ndo swali lako hasa. Kariofilini kweli ilionekana mwaka 2008 inashika kipokezi cha CB2 mwilini (kama kitasa kwenye seli ambacho vitu vya bangi hukishika), na panya waliopewa walipungua uvimbe. Panya. Na hiyo hiyo kariofilini imo kwenye karafuu na pilipili manga, ingekuwa kuipata tu kunatosha kutibu basi Pemba nzima kusingekuwa na mtu mwenye baridi yabisi. Kwa watu hali ni ya kawaida zaidi: Uingereza mwaka 2006 wagonjwa 58 wa baridi yabisi walipewa dawa ya bangi ya kupuliza mdomoni, Sativex, wiki 5, maumivu ya kutembea na ya kupumzika yakapungua kiasi na usingizi ukawa mzuri, lakini ule ugumu wa viungo asubuhi haukubadilika. Denmark nako walijaribu vidonge vya CBD kwa watu 136 wenye maumivu ya viungo, wiki 12, havikushinda vidonge vya uongo visivyo na dawa. Maoni yangu mimi: hii bangi yako ni ya maumivu na usingizi, kama inakupa hivyo viwili ni faida kubwa, lakini kiungo kuacha kuuma si sawa na kiungo kuacha kuliwa. Baridi yabisi inaweza kuendelea kula mfupa huku wewe unalala vizuri, kwa hiyo methotreksati usiiache, na vipimo vya damu vya uvimbe endelea kupima. Halafu mwambie daktari wa viungo kwamba unatumia bangi, wengi mnamwambia huyu mnamficha yule. CBD ikiwa nyingi inaweza kupandisha vimeng'enya vya ini na methotreksati nayo inalisumbua ini, na kama unatumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) hapo ndo usithubutu bila kupimwa, CBD inaipandisha kwenye damu.

Desemba. Usije nayo mama, nakuomba. Cheti cha Ujerumani hakifungui mlango wowote uwanja wa ndege Dar, bangi Tanzania imekatazwa na sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015, na kama ndege inapita Dubai au Doha huko ndo usitanie kabisa. Hata mashine iache, ikibaki na unga ndani ni ushahidi. Muone daktari mapema akupangie dawa nyingine ya hizo wiki utakazokuwa Tanga, na joto la huko huenda likakusaidia vidole.

SWALI: Kaka mimi niko Minneapolis, goti liliumia kwenye mpira na likawa linavimba kila nikikimbia. Jamaa kaniuzia kalamu ya kuvuta mafuta ya THC, haina digrii, ina taa tu kijani bluu nyekundu. Nitumie rangi gani?

JIBU: Usitumie rangi yoyote mdogo wangu. Hapo Minnesota, jimbo lenu, maduka ya bangi yenye leseni yapo, ya jamaa ya nini? Mwaka 2019 huko huko Marekani watu waliharibika mapafu kwa kalamu za mtaani, mpaka Februari 2020 waliolazwa walifika 2,807 na waliokufa 68, na kilicholaumiwa zaidi ni asetati ya vitamini E, mafuta ya kuzimulia ambayo hayaonekani kwa macho wala hayana ladha. Hapo suala si moto mdogo au mkubwa. Na goti linalovimba kila ukikimbia linataka kupigwa picha, pengine ni meniskasi (gegedu la ndani ya goti), ukilinyamazisha maumivu ukaendelea kukimbia unalimalizia. Kama umeshaivuta na unakohoa, kifua kinabana au unatapika, nenda hospitali leo, na ukifika uwaambie wazi ulichovuta, kalamu yenyewe nenda nayo waione.