Kwanza uliza ini limepata kiasi gani

Kila nikirudi Mikindani likizo, wadogo zangu mnaosoma famasia na kemia mnaniuliza nafanya nini hasa huko maabara. Nasafirisha mizigo. Dawa kali za saratani zipo nyingi tu. Kinachotutoa jasho ni kuzifikisha.

Waulizeni wazee safari ya Dar ilivyokuwa kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003. Lori lingeweza kujaa korosho safi, likakwama kwenye tope la masika au kusubiri pantoni Rufiji. Mzigo wangu ni RNA, molekuli inayobeba maagizo ya seli, ambayo tunaitumia kama dawa. Ukiichoma mshipani bila kuifunga, yake ni hayo hayo: vimeng'enya vya damu vinaikatakata, figo zinaitoa kwenye mkojo, na kwa kuwa ina chaji hasi, utando wa seli unaikataa. Ndiyo maana tunaifungasha kwenye chembe za lipidi, yaani mafuta, upana wake kama nanomita 100. Hata hapo, seli ikishaimeza chembe huifungia kwenye kifuko kiitwacho endosomu, na ni sehemu ndogo mno ya mzigo inayochomoka ikafanye kazi.

Mzigo mwingi huishia kwenye ini. Chembe ikiingia damuni hujivika protini ya ApoE, na seli za ini zinaijua protini hiyo, zinaipokea kama mwenyeji. Patisirani, dawa ya kwanza ya siRNA (RNA fupi ya kunyamazisha jeni) kuidhinishwa Marekani, mwaka 2018, ilinufaika na tabia hiyo kwa sababu protini inayoleta ugonjwa inaoutibu hutengenezwa humo humo kwenye ini. Wewe unayetaka kufika kwenye uvimbe wa kongosho huna bahati hiyo. Uchambuzi mmoja wa mwaka 2016, uliopitia tafiti za miaka kumi, ulikuta kwamba katika nusu ya tafiti hizo uvimbe ulipata asilimia 0.7 au pungufu ya dozi ya chembe nano. Na Doxil, yaani dawa ya saratani ya doksorubisini iliyofungwa kwenye liposomu (vifuko vidogo vya mafuta), iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995, sifa yake kubwa ni kuunusuru moyo wa mgonjwa. Si haba, ila sicho tulichokuwa tunakiota.

Kwa hiyo mtu akikuonyesha picha ya panya ambaye uvimbe wake unang'aa, mwulize ini liko wapi kwenye picha hiyo. Mimi nililipia ada somo hili. Mwaka wangu wa kwanza nilipata picha inayowaka vizuri, nikapiga simu nyumbani usiku ule ule. Kumbe rangi ya kung'aa niliyoibandika kwenye chembe ilikuwa imeachana nazo, ikasafiri peke yake! Miezi minne ikaenda na maji. Siku hizi nawachoma panya wengine rangi tupu kwanza, ndipo nilinganishe.

Mengine ni ya mikono tu. Vaa glovu kila ugusapo RNA, maana ngozi yetu ina vimeng'enya vya kuila. Usigandishe chembe za lipidi bila sukari kama sukrozi, zitashikana.

Halafu usipime ukubwa wa chembe kwenye maji safi pekee, maana mwilini hakuna maji safi. Ziloweke kwenye seramu (majimaji ya damu yasiyo na seli) yenye joto la nyuzi 37, subiri saa kadhaa, upime tena. Zikiwa zimegandana, mwache panya wa watu apumzike, rudi kwenye mchanganyiko wako.